Kitenge Miguuni pa Mgonjwa

Kazi yangu ya kwanza katika wodi ya wanawake ilikuwa kufukuza watu. Kila asubuhi, kabla madaktari hawajaanza raundi, nesi mkuu alinitupia jicho, nami nikasimama mlangoni na kupaza sauti: "Wauguzaji nje!" Nilipewa kazi hiyo kwa sababu nilikuwa mwanafunzi mgeni kuliko wote, na kwa sababu, kama alivyosema nesi mkuu mwenyewe, nina koo la mnadani. Basi wale akina mama, mabinti na mawifi waliolala chini kwenye mikeka wakiuguza watu wao walikusanya chupa za chai, sufuria na mafurushi, wakatoka kwenda kukaa barazani au kule kwenye banda la kupikia ambako moshi haukatiki.

Kabla ya kutoka, kila mmoja alivua kitenge alichojitanda, akakikunja, akakiweka miguuni pa mgonjwa wake. Mwanzoni nilidhani ni kwa ajili ya baridi, maana asubuhi za Karagwe zina baridi ambayo mimi, mtu wa Masasi, sikuwahi kuizoea. Nesi mkuu akanieleza kwamba hapana. Kitenge kile kinasema mgonjwa huyu ana mtu, ila ametoka kidogo. Kitanda kisicho na kitenge ni cha mtu asiye na mwenyewe, na akina mama wa kanisa wanaoleta uji wa msaada hutazama papo hapo, miguuni, wajue pa kumimina. Uji wenyewe ulikuwa mzuri, wa ulezi, lakini niliwaona wagonjwa wakigeukia ukutani ili wasionekane wanaunywa.

Mimi nilipenda ile dakika ambapo wodi inabaki na wagonjwa na makoti meupe tu. Kukawa kimya. Nikajiona daktari.

Chuo kilikuwa kimenipeleka huko kwa mafunzo ya hospitali za vijijini, na pia kwa utafiti niliofanya pamoja na mwanafunzi mwenzangu kutoka Ulaya. Tulikaa nyumba moja nyuma ya hospitali, katikati ya migomba. Nilikuwa nimejiandaa kutompenda, akanikatisha tamaa kwa kuwa mtu mzuri. Alicheka na kila mtu. Jioni simu yake haikosi uso: leo mama yake, kesho rafiki yake, keshokutwa mbwa wao. Mimi nilikuwa nakaa upande wa pili wa meza namenya ndizi, najifanya sisikii.

Kwenye vijiji mambo yalikuwa mabaya zaidi kwangu. Tulikuwa tunawafuata majumbani wagonjwa waliotoroka hospitali kabla ya kuruhusiwa, ili tujue kwa nini walitoroka. Tulikwenda kwa bodaboda, Ihanda, Nyabiyonza, mpaka Kibingo upande wa Kyerwa, tunafika tumejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mwenzangu akisema salamu ya Kinyambo vibaya, uwanja mzima unacheka kwa furaha na anapewa kiti. Mimi nikiamkia kwa Kiswahili, "Shikamoo," naitikiwa vizuri, halafu naulizwa mimi ni wa wapi. Nikisema Masasi, wanatazamana. Mzungu asiyejua lugha anasamehewa. Mimi, mweusi kama wao, nilionekana najidai. Wakishanijibu Kiswahili, wao kwa wao wanarudi kwenye Kinyambo chao, nami nabaki natafuna kahawa niliyokaribishwa nayo, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa wanazompa kila mgeni, natabasamu bila kujua natabasamia nini.

Na jibu la watu wale lilikuwa moja tu. Kwa nini uliondoka hospitali? "Sikuwa na mtu." Maana hospitali inakupa kitanda, sindano na dawa. Haikupi wa kukupikia, wa kukufulia, wa kukushika mkono kwenda chooni. Kwenye kishikwambi chetu kulikuwa na majibu ya kuchagua: umbali, gharama, uhaba wa dawa, mengineyo. Tukabonyeza mengineyo, tukaaga, tukapanda pikipiki.

Kisha mwenzangu akamaliza muda wake akarudi kwao. Aliniachia koti la mvua na chupa ya siagi ya karanga iliyofikia nusu, akanikumbatia sana, akalia. Mimi sikulia hapo. Nililia siku ya pili yake, nilipopika wali wa watu wawili kwa mazoea.

Kuanzia hapo nilijua upweke ni nini hasa. Kazini nilizungumza mchana kutwa, lakini hakuna aliyezungumza nami. Tulizungumza juu ya mapafu na mikojo. Mchana nikala ndizi na maharage, jioni nikala ndizi na maharage, nikatamani ugali wa muhogo na kisamvu mpaka nikamchukia mtu wa kwanza aliyepanda mgomba duniani. Mama yangu akipiga simu kutoka Masasi haulizi masomo. Anauliza kitu kimoja.

"Umepata watu huko?"

"Nimepata, mama. Wengi."

"Alhamdulillahi," anasema, nami nakata simu haraka kabla sauti haijanisaliti.

Tumbo lilianza kuniuma nikitoka Kibingo, nyuma ya bodaboda. Nikalisingizia barabara. Kesho yake nikalisingizia maharage. Mchana daktari aliyekuwa akinisimamia aliniona nimejikunja kwenye benchi, akanilaza, akanibonyeza upande wa kulia chini, na pale alipoachia mkono nikapiga kelele iliyosikika hadi dirisha la dawa. Kidole tumbo. Ningemwambia mwenyewe kama ningekuwa natazama tumbo la mtu mwingine.

Nesi mkuu alikuja kunilaza wodini. Nilishamsikia akiuliza swali lile kila siku, kwa sauti ya mtu anayepokea tiketi. Kwangu alilisema polepole.

"Nani atakuuguza, mwanangu?"

Ningeweza kusema hakuna. Lakini walioko jirani walikuwa wananitazama, wale wale niliokuwa nawafukuza kila asubuhi, nami sikutaka waone. Tena kama angempigia simu mama yangu, najua mama angepanda basi siku ile ile na miguu yake iliyovimba, avuke nchi nzima.

"Shangazi yangu yuko njiani," nikasema. "Anatoka Bukoba."

Shangazi zangu wote wako Masasi, isipokuwa mmoja aliyeolewa Nachingwea. Bukoba nilikuwa sijawahi hata kushuka kwenye gari.

Nilipozinduka baada ya upasuaji nilijikuta karibu na kitanda cha mwanamke aliyevunjika paja, mguu wake umening'inizwa kwa kamba na uzito. Aliyekuwa akimuuguza alikuwa wifi yake, mama mrefu, mkavu, mwenye mwanya na sauti ya kuita ng'ombe bondeni. Walikuwa wametoka Kibingo. Aliniinamia akanichunguza usoni.

"Wewe si yule wa 'nje'?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sasa leo nani atatufukuza?" akasema, akacheka mpaka wifi yake akamwomba aache, mguu unatikisika.

Asubuhi alitufukuzia watu mwanafunzi mwingine, kwa sauti dhaifu ya kuomba samahani. Vitenge vikakunjwa. Nikaangalia wodi nzima kutoka kwenye mto wangu, kitanda baada ya kitanda, rangi kila mahali, na kwangu shuka tupu. Madaktari wakanizunguka. Walinizungumzia kwa Kiingereza, umri wangu, tumbo langu, haja yangu kubwa, na mimi nilielewa kila neno, na hakuna hata moja lililosemwa kwangu. Walipoondoka mmoja alinigonga kidogo kwenye goti, nadhani kwa upendo.

Kisha wakaingia akina mama wa kanisa na ndoo yao. Mmoja alitazama miguuni pa watu, akaja moja kwa moja kwangu. Hakukosea. Nilipoelezwa kwamba naruhusiwa kunywa, nikageukia ukutani kama wale wengine, nikanywa uji huku machozi yanaingia kikombeni. Nilikuwa na njaa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba nilikuwa na njaa na nikaumaliza.

"Shangazi bado?" aliuliza yule mama wa Kibingo aliporudi.

"Yuko njiani."

"Aa." Akakung'uta mkeka wake. "Atakuwa amefika Kyaka sasa."

Jioni akauliza tena. Nikajibu vilevile. "Basi gari limeharibika Kyaka," akasema kwa utulivu kabisa. "Magari ya siku hizi, waitu, jamani." Wifi yake akatazama dari. Nilijua wanajua. Nikafumba macho nijifanye nimelala.

Asubuhi iliyofuata, ilipotangazwa wauguzaji nje, yule mama alikunja kitenge chake akakiweka miguuni pa wifi yake kama kawaida. Akachukua chupa yake ya chai. Akafika katikati ya wodi, akasimama, akarudi. Akafungua kilemba alichojifunga kichwani, akakinyoosha, akakikunja mara mbili juu ya goti lake, akakiweka miguuni pangu. Halafu akatoka na kichwa wazi, nywele zote mvi, katika baridi ile.

Nesi mkuu alikiona. Yule hapitwi na kitu.

"Hiki ni cha nani?"

"Changu," sauti ikajibu kutoka barazani. "Mimi ndiye shangazi. Nimefika."

"Shangazi wa Bukoba?"

"Gari lilinichelewesha!"

Wodi yote ikaangua kicheko, hata waliokuwa na nyuzi tumboni, na mimi nikiwa mmoja wao. Iliuma sana. Sikumbuki maumivu mengine niliyoyafurahia hivyo.

Basi nikawa na shangazi. Alininywesha uji, kisha mchuzi, kisha ndizi alizoziponda na mwiko mpaka zikawa laini kama za mtoto wa kunyonya. Alinishika kiunoni kwenda chooni huku akinifokea, "Jikaze! Ndivyo madaktari wanavyolia hivi?" Alinisugua mgongo kwa kitambaa cha maji moto. Alinisemesha Kinyambo siku nzima bila kujali kwamba siambulii kitu, na nikikosea kujibu alinisahihisha kana kwamba ni uvivu wangu tu. Neno nililolishika vizuri ni kasinge, la kushukuru, kwa kuwa nilikuwa na sababu ya kulitumia.

Mambo yake alinieleza kidogokidogo, wifi yake akiwa amelala. Mumewe alikwishafariki. Watoto wako Dar es Salaam na Uganda, wanapiga simu Krismasi. "Nyumbani kwangu kuna migomba tu," alisema. "Migomba haiulizi umeamkaje." Hakusema kwa kulalamika. Alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua.

Mama yangu alipopiga simu nilimwambia nilikuwa na mafua. Akauliza kama nimepata watu. Nikampa shangazi simu. Mtu wa Masasi na mtu wa Kibingo, kila mmoja na Kiswahili chake, walipigiana kelele muda mrefu, na sikuambiwa walikubaliana nini.

Nyuzi zikatolewa, nikarudi kwenye nyumba yangu ya migombani. Wifi naye baadaye akafungwa plasta wakaondoka. Nilikwenda Kibingo mara moja kuwaamkia, nikapewa mkungu wa ndizi ambao sikujua nitaufungaje kwenye pikipiki. Halafu kazi ikaniziba. Nilirudi kusimama mlangoni na kupaza sauti. Msidhani niliacha au nilianza kunong'ona. Wodi ile bila koo la mnadani haitoki mtu. Ila nilikuwa natazama miguuni.

Jioni nyumbani pakabaki vilevile. Nimwambie nani kwamba aliyenifaa alinifaa nikiwa mgonjwa tu, na sasa nilikuwa mzima tena na peke yangu? Niliwahi kutamani, Mungu anisamehe, nipate homa kidogo.

Karibu na mwisho wa mafunzo yetu ilitangazwa kwamba daktari bingwa angekuja kutupima. Kila mwanafunzi angeelezea mgonjwa mmoja mbele yake, na alama zingepelekwa chuoni. Alikuwa mtu mkali, asiyerudia mtihani kwa ajili ya mtu. Mgonjwa wangu alikuwa mama mwenye kisukari. Nilimjua mpaka majina ya wajukuu. Nilifua koti, nikalipiga pasi, nikaingia wodini mapema.

Kwenye kitanda cha dirishani alikuwa ameketishwa shangazi.

Alikuwa ameegemezwa mito, anavuta pumzi kwa mabega. Jirani alimleta kwa pikipiki jioni ya jana, kifua kimembana, wifi yake bado akitembelea magongo. Alikuwa amekonda, kilemba kimelegea. Kitanda kile alikuwa amepangiwa mwanafunzi mwingine, ndiye angemwelezea kwa bingwa. Nesi mkuu akanivuta pembeni.

"Nimemuuliza nani atamuuguza," akasema. "Amesema ana binti yake. Yuko njiani."

"Binti gani? Binti yake yuko Dar es Salaam."

Nesi mkuu akanitazama. Kisha akaenda kuhesabu sindano zake.

Nikaenda kitandani. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, dokta," akasema.

Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Aliangalia koti langu lililopigwa pasi, akaangalia mlango ambako wakubwa wangetokea, akageuza uso dirishani. Nikaelewa kwamba alikuwa ananiachia njia. Hakutaka niaibike na mtu wa Kibingo mbele ya mabosi wangu. Nikamnyooshea mto mgongoni.

"Umekula?" nikauliza.

"Binti ataleta."

Viatu vya bingwa vikasikika kwenye saruji ya baraza. Nesi mkuu akanitupia jicho. Nikasimama mlangoni.

"Wauguzaji nje!"

Wakainuka. Vitenge vikavuliwa na kukunjwa, cha njano, cha bluu, chenye kuku, kitanda baada ya kitanda, mpaka ikafika zamu ya dirishani, na hapo palikuwa na shuka la hospitali na nyayo mbili zimejitokeza. Wenzangu walikuwa wanajipanga mstari na kurekebisha kola. Mama wa kisukari alinitabasamia, tulikuwa tumefanya mazoezi. Nitasema ukweli: nilitaka zile alama. Nilizisomea, na mama yangu alizingoja.

Sikuwa na kitenge. Nikavua koti, nikalikunja, mikono ndani, nikalipeleka dirishani nikaliweka miguuni pake.

"Binti amefika," nikasema.

Alichukua muda kupata pumzi ya kujibu. "Gari lilikuchelewesha," akasema.

Nikatoka na wanawake wengine. Bingwa alinipita mlangoni bila kunitazama, kama tunavyowapita wote. Nje kulikuwa na ukungu bado kwenye migomba, nami nilikuwa na blauzi nyepesi, nikajibana ukutani chini ya dirisha lake. Nilisikia kikohozi. Nilisikia Kiingereza, vipande tu: pafu la kushoto, moyo, labda, labda. Miaka yote ile ya kusoma, na nilikuwa nimenyoosha shingo kama kila mtu pale barazani, sielewi kama mtu wangu atapona.

Mwanamke mmoja aliyekumbatia chupa ya chai alinisogelea. Alinifahamu. "Wanasema nini huko ndani, dokta?"

"Sijui, dada."

Kisha sauti ya bingwa ikauliza mwanafunzi wa kitanda cha kisukari yuko wapi. Makaratasi yakapekuliwa. Halafu nikamsikia nesi mkuu, kwa sauti ya mtu anayepokea tiketi.

"Yuko nje, dokta. Anauguza."

Yule mwanamke akanisogezea sufuria yake. Nikaipokea, nikaenda bandani kuwasha moto.